Kizimba cha Jivu

Godoro la baba lina matundu saba.
Sita ni ya kabla ya kiharusi,
kila moja kama punje ya mtama.
La saba mama alilizima kwa maji ya kunawia,
saa nane usiku, umeme umekatika,
na chumba chetu cha Keko Magurumbasi
kikanuka sponji mpaka Ijumaa.

Asubuhi nikaupima mkono wake akiwa amelala.
Unatetemeka ukielekea kushoto,
kama mshale wa mizani uliogoma kukubali bei.
Nikaandika vipimo nyuma ya risiti ya dawa,
nikaenda nayo Gerezani.

Kishikio cha kwanza: inchi nne za antena ya redio,
kopo la nyanya likiwa kifuko cha jivu.
Bati likanywa joto lote, likalirudisha mdomoni.
Baba akakitema.
"Hiki cha kupigia chapa ng'ombe."

Cha pili nilikifunga kote, jivu lisipate hata ufa.
Sigara ikavutwa mara mbili, ikafa.
Pazi, wa meza ya jirani, muunda majiko ya mkaa,
hakuinua hata uso:
"Umeona jiko lisilo na mlango chini?
Moto nao una pua, dada."

Siku tisa nilikwenda na pua ya moto kichwani.

Cha tatu: shaba ya bomba la friji mbovu,
na chujio la chai la mama
(alilitafuta wiki nzima, akamshuku mpangaji;
leo ndiyo nakiri)
nikalikunja likawa kizimba chembamba kama kidole.
Sigara inaingia humo kama kuku magharibi.
Hewa inapita, cheche haipiti.
Chini kijaluba cha kuzungusha,
na mdomoni kipande cha mpingo, mti usio na haraka ya kupata moto.

Nikawasha. Nikakitikisa juu ya pamba,
juu ya gazeti, juu ya kanga yangu isiyofuliwa hata mara moja.
Nikakiangusha kwa makusudi, nikakiangusha tena.
Kanga ikabaki na maneno yake yote.

Nilikuwa na miaka kumi na saba
baba aliposema mbele ya wageni, sahani ya pilau mkononi:
Moto huzaa jivu.
Yeye, fundi wa karakana ya reli,
aliyegonga mhimili mara moja, akatega sikio,
akaonyesha ufa ulipo kabla ya mashine kuuona.
Mimi, mwenye cheti cha sifuri,
nikachukua birika nikawanawisha wageni mikono.

Sasa ananunuliwa sigara moja moja, kwa mangi wa kona.
Daktari wa Temeke kamwambia aache.
Baba alisema ndiyo, daktari,
na tulipofika nyumbani akauliza kiberiti kiko wapi.
Dawa sikuitengeneza. Simdanganyi mtu.
Nilichotengeneza ni usiku ambao mama analala.

Alikipokea kwa mkono wa kushoto, ule mzima.
Hakukitia mdomoni.
Akakigonga kwa ukucha,
akakisogeza sikioni, akafumba macho.
Nje mtu aliranda mbao, akaacha, akaranda tena.

"Hapa kwenye ungio," akasema, maneno yakimtoka nusu nusu,
"umelehemu kwa pupa."
Akageuza.
"Hapa, hukufanya pupa."

Kila jioni nafungua kijaluba.
Mama analitaka jivu, anasugulia sufuria.
Jivu la siku nzima halijazi kisoda,
halina hata uzito wa kulalamikiwa.
Nalimimina kiganjani kwanza, kabla sijampa.
Bado lina uvuguvugu.